Mafuta ya mgando, silikoni au grisi ya shaba? Kulinda nyaya na ethi za gari la zamani Kigoma

Taa za gari la zamani zikianza kufifia, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Inapelekwa kuchajiwa, inarudi, na baada ya siku chache mambo ni yaleyale. Wa pili ni altaneta, au dainamo kwa magari ya miaka ya 1960. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, chesisi na injini, hukumbukwa mwisho kabisa, hela ikishaisha. Na ikikumbukwa, swali linalofuata huwa moja: nipake nini isirudie?

Majibu ni mengi kuliko mafundi wenyewe. Mmoja atakwambia mafuta ya mgando, mwingine grisi ya bearing, wa tatu atakuletea kopo la kupuliza, wa nne atakuapia kwamba bila grisi ya shaba unapoteza muda. Nimeziweka hapa pamoja nikiwa na gari la Kigoma kichwani: Land Rover Series, Peugeot 404, Land Cruiser ya 40, gari lenye miaka arobaini na zaidi, linalokula mvua kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei na ambalo mara mojamoja hurudishwa kinyumenyume hadi ukingoni mwa maji pale Kibirizi kupakia dagaa.

Jambo moja la kutuliza roho: maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya bahari. Gari lililozeekea Ujiji au Gungu kwa kawaida huwa na nyaya zenye hali nzuri kuliko lililozeekea Tanga au Dar es Salaam. Ila kama gari lako liliwahi kuishi pwani, au liliwahi kubeba chumvi ya Uvinza, lihesabu kuwa la pwani. Chumvi ikishapenya katikati ya nyuzi za waya, chini ya plastiki, hakuna cha kupaka juu kitakachoifuata huko. Waya huo unakatwa mpaka ufikie shaba inayong'aa.

Kabla ya kupaka chochote

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea mjadala mzima. Umeme hupita pale chuma kinapobana chuma. Grisi, iwe ya bei gani, kazi yake ni kuzuia hewa na maji yasifike pale palipobana. Haisafishi, haikazi, haiponyi. Ukiipaka juu ya kutu ya kijani umeifungia kutu ndani tu.

Ona kwa hesabu ndogo. Taa mbili kubwa za wati 55 kila moja kwenye mfumo wa volti 12 huvuta kama ampea 9 kwa pamoja. Zikiwa na ethi moja yenye ukinzani wa omu 0.1 tu, zinapoteza karibu volti 1 njiani. Na mwanga wa taa ya waya haushuki sawasawa na volti, unashuka kwa kasi zaidi: volti 1 hiyo inakuibia karibu robo ya mwanga. Kwenye stata ni balaa zaidi. Stata ikivuta ampea 200, ukinzani wa omu 0.01 unameza volti 2, na wewe unasikia injini inazunguka kivivu unadhani betri imekufa.

Mwenye Volkswagen ya kobe ya volti 6 ajue kwamba kwake ni mara nne. Taa yenye wati zilezile huvuta ampea mara mbili, kwa hiyo upotevu unakuwa mara mbili, nao unatolewa kwenye volti ambazo ni nusu.

Usijaribu kupima omu 0.1 kwa mita ya kawaida kwenye alama ya omu. Nyaya za mita zenyewe zina ukinzani zaidi ya huo. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu mtu apige stata. Ikisoma chini ya 0.2 uko salama. Ikivuka 0.5 una kazi. Kwa taa, ziwashe, kisha pima kati ya ganda la taa na nguzo hasi, 0.1 au pungufu ni nzuri. Kwa gari ambalo chanya ndiyo ethi, kama Land Rover IIA za mwanzo na magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule, pima kwa kutumia nguzo chanya.

Kuna dalili zisizohitaji mita. Ukiwasha indiketa na taa ya breki nayo inakonyeza, ethi ya upande huo imekufa, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia taa ya jirani. Sindano ya joto ikipanda ghafla kila unapowasha taa, hilo si joto. Na kama waya wa choki au wa mafuta unakuwa wa moto wakati wa kupiga stata, simama hapohapo: mkanda wa ethi wa injini, yaani waya mnene unaoiunganisha injini na chesisi, umekatika na ampea zote za stata zinarudi kupitia kamba ile nyembamba. Inaweza kuungua.

Mkanda wenyewe ndio unaodanganya. Hivi karibuni nilisimama kando ya fundi umeme mmoja huku Gungu akifungua ule wa Series III, ule bapa uliosukwa, unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye giaboksi. Kwa macho ulikuwa mzima. Alipoukunja, unga wa kijani ulimwagika kiganjani na nyuzi zikaanza kukatika moja moja. Akageuza temino, kile kichwa cha chuma mwishoni mwa waya; chini yake kulikuwa na rangi nzuri kabisa ya kijivu, ileile ya chesisi.

"Mzee, hii ilifungwa juu ya rangi," akasema. "Gari lilipendezeshwa likauzwe."

"Kwa hiyo umeme ulikuwa unapita wapi, fundi?"

"Kwenye meno ya bolti tu."

Kwa hiyo msasa kwanza, au brashi ya waya, mpaka chuma kiwe cheupe pande zote mbili, temino na mahali inapokaa. Weka washa yenye meno katikati. Kaza. Kisha ndipo tuanze kubishana kuhusu grisi.

Mafuta ya mgando dhidi ya grisi ya silikoni

Hizi mbili ndizo ushindani wa kweli, nyingine zinafuata kwa mbali.

Mafuta ya mgando yapo kila duka la Mwanga na kila nyumba yenye mtoto. Hayapitishi umeme, hayana asidi, hayali shaba wala risasi ya nguzo za betri. Kwa nguzo za betri sijaona sababu ya kununua kitu kingine: safisha kwa maji ya moto na magadi kidogo mpaka povu likome, bila kuruhusu maji hayo yaingie ndani ya betri, suuza, kausha, funga, kaza, halafu paka kwa nje. Udhaifu wake ni joto. Huyeyuka kati ya nyuzi 40 na 60 hivi, na chini ya boneti saa nane mchana kiwango hicho kinafikiwa bila shida. Yanatiririka, yanaacha sehemu wazi, na yakishuka yanaokota vumbi. Lingine: ni zao la petroli, na mpira asilia huvimba na kulegea ukikaa nayo muda mrefu. Magari ya zamani yamejaa mpira wa aina hiyo, zile kofia nyeusi za nyuma ya taa, mipira ya kupitishia nyaya kwenye bati. Usiyaweke huko.

Grisi ya silikoni ndiyo inayoshinda kwenye viunganishi. Inavumilia joto hadi kama nyuzi 200, haitiririki, haili mpira wa kawaida, na maji hayaipenyi. Ndani ya soketi ya taa ya nyuma, ndani ya kofia za nyaya za plagi, kwenye kiunganishi kilicho nyuma ya gurudumu ambako matope ya barabara ya vumbi yanapiga kila siku: hapo iweke. Watu huiogopa kwa sababu haipitishi umeme. Ndivyo inavyotakiwa. Unapochomeka temino kwa nguvu, grisi inasukumwa pembeni pale chuma kinapogusana na inabaki kuzunguka. Ingekuwa inapitisha umeme, kwenye kiunganishi chenye nyaya nne ungekuwa unatengeneza shoti.

Ina masharti mawili. Isifike karibu na sehemu yoyote inayokatika na kuungana kwa cheche: platini za distribyuta, ndani ya rilei, ndani ya swichi. Cheche huigeuza silikoni kuwa kitu kigumu cha jamii ya mchanga, na hicho ndicho kitakachokuzuia kuwasha gari. Sharti la pili ni la dukani. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba silikoni, utapewa ile ya kuzibia vioo na masinki, yenye harufu kali ya siki. Hiyo siki ni asidi halisi, inatoka wakati silikoni inakauka, na inakula shaba. Nimeona waya uliozibwa vizuri kwa hiyo silikoni, nje safi, ndani kijani tupu. Unayotaka wewe ni grisi, haikauki, inakuja kwenye tyubu ndogo na inauzwa na wenye spea za magari au pikipiki. Bei yake haifanani na ya mafuta ya mgando, lakini tyubu moja inazunguka gari zima na kubaki.

Grisi ya shaba, na habari ya Land Rover

Grisi ya shaba ina sifa kubwa kuliko kazi yake. Ilitengenezwa ili bolti za ekzosi na za moto mwingine zisigande, si ili ibebe umeme. Unga wa shaba uliomo umezungukwa na mafuta, hauongezi kitu cha maana kwenye kiungo kilichobana vizuri. Kwenye bolti ya chuma ya ethi chini ya chesisi haina madhara; bolti itafunguka kirahisi mwaka mwingine, basi.

Kwenye Land Rover ninaikataa. Bodi ya gari hilo ni ya alumini, chesisi na ukuta wa mbele ya dereva ni vya chuma. Alumini ikikutana na shaba huku kuna maji, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Ukipaka grisi ya shaba hapo umeileta adui mpaka mlangoni. Grisi nyeusi yenye grafaiti ni hivyohivyo, pengine mbaya zaidi.

Kuna dawa ya zinki ambayo mafundi wa umeme wa majumbani na wa laini hutumia wanapounga nyaya za alumini. Hiyo ndiyo ya kuulizia kwa kiungo cha alumini: unapaka kidogo, unasugua kwa brashi ndani ya dawa yenyewe ili alumini isipate hewa, unafunga. Tumia temino iliyopakwa bati, isiwe shaba tupu.

Ila kwa maoni yangu, kwenye Land Rover swali la grisi lina jibu bora zaidi, ambalo ni kutoitegemea bodi kabisa. Vuta waya mweusi wa ethi kutoka kila kundi la taa, mbele na nyuma, hadi bolti moja kwenye chesisi, na kutoka hapo mkanda mnene hadi betri na mwingine hadi injini. Mita chache za waya, kazi ya mchana mmoja. Bodi ibaki kubeba watu na mizigo. Land Cruiser ya 40 na 404 zina bodi za chuma na haziteswi hivi, ingawa kwa gari lolote lililopakwa rangi zaidi ya mara moja waya huo unalipa.

Grisi ya bearing, oili chafu, mawese

Grisi ya bearing, ile ya lithiamu, si mbaya. Inavumilia joto kuliko mafuta ya mgando, haioshwi upesi na maji, na kila gereji inayo. Kwa ethi za chini ya gari, zisizo na mpira karibu, naiweka juu ya mafuta ya mgando. Kwa soketi za taa na viunganishi vyenye mpira, hapana. Na inakusanya vumbi vibaya. Anayeendesha zaidi njia za Tabora na Urambo kiangazi ataona tope kavu limegandamana hapo baada ya muda mfupi.

Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini isipakwe popote. Ina asidi na masizi, ndiyo maana ikamwagwa.

Mawese, najua, mtu atauliza, maana hapa kwetu hayakosekani. Mafuta ya kula huchacha, na yakichacha yanatoa asidi zinazoila shaba na kutengeneza utando wa kijani unaonata. Mawese yabaki jikoni.

Nta ya nyuki ina nafasi moja ndogo. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo haifai chini ya boneti, lakini kufunga ncha ya waya ulioachwa wazi nyuma ya gari, au kupitishia uzi wa kufungia nyaya kama walivyofanya mafundi wa zamani, ni nzuri na haina asidi ya kutisha.

Makopo ya kupuliza

WD-40 ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na hiyo ndiyo kazi yake hata leo. Umevuka mto, gari linakohoa, kofia ya distribyuta imelowa: puliza, futa, endelea na safari. Lakini baada ya muda sehemu kubwa yake huvukia na kinachobaki ni utando mwembamba sana. Anayepuliza viunganishi mara moja kwa mwaka akidhani amevilinda, amevikausha siku hiyo tu.

Dawa ya kusafishia viunganishi ni kitu kingine, inatoa uchafu na kuvukia yote. Nzuri kabla ya kupaka silikoni. Haibaki kulinda.

Rangi

Hii wengi hawaihesabu na mimi naiweka juu sana. Kwa ethi usiyotarajia kuifungua kila mara, safisha, kaza, kisha paka rangi ya kuzuia kutu juu ya kila kitu, nati, temino na ukingo wa chuma kilichokwanguliwa. Haiyeyuki, haiokoti vumbi, haioshwi. Tofauti yake na ile ya Gungu ni mpangilio tu: huku rangi imekuja baada ya kukaza. Siku ya kufungua utakwangua upya, ndiyo gharama yake.

Waya na temino: kubana au kuchomelea

Haya ni mabishano ya kila gereji. Kubana kwa koleo lake maalumu hushinda kwenye gari linalotikisika. Risasi ya kuchomelea hupanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu kipande kile, na mtikisiko unaukata pale ugumu unapoishia. Barabara zetu unazijua. Kubana kwa plaizi, hata hivyo, si kubana; ukivuta temino ikatoka, bora ungechomelea na kuushikilia waya kwa mpira wa kusinyaa ili usicheze. Ukichomelea, usitumie asidi ya mafundi bati. Inabaki ndani na kula waya.

Kuhusu kufunika, tepu nyeusi kwa joto la hapa inageuka gundi na kuachia ndani ya miezi. Mpira wa kusinyaa kwa moto, hasa ule wenye gundi kwa ndani, hauna mpinzani nje ya gari. Tepu iachie kufunga bunda la nyaya.

Viunganishi vya Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari ya Kiingereza, vile vichwa vya mviringo vinavyosukumwa kwenye mrija wenye mpira mweusi, vinahitaji neno lao. Mrija ukishatanuka au kushika kutu, silikoni hairudishi mbano. Badilisha mrija, ni kitu kidogo, kisha ndipo upake.

Ningechagua nini

Mwenye hela ya kitu kimoja tu anunue msasa na washa zenye meno, atumie mafuta ya mgando yaliyopo nyumbani kwa nguzo za betri na ethi zilizo mbali na moto na mpira. Atakuwa amemaliza sehemu kubwa ya tatizo. Akipata nyongeza, tyubu ya grisi ya silikoni kwa soketi na viunganishi vyote vinavyorushiwa maji. Ethi za chini, rangi au grisi ya lithiamu, mimi rangi. Land Rover, nyaya za ethi hadi chesisi kwanza, mengine baadaye, na dawa ya zinki pale ambapo alumini haikwepeki. Grisi ya shaba iende kwenye bolti za ekzosi.

Anzia na mkanda wa injini, kisha wa betri, kisha taa za mbele, nyuma mwisho. Kazi hii ifanywe Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijafika, maana kufungia unyevu ndani ni rahisi kuliko kuutoa. Na kabla ya spana ya kwanza, fungua betri ukianzia nguzo iliyounganishwa na bodi, hasi kwa magari mengi, chanya kwa yale ya Kiingereza ya zamani. Wakati wa kurudisha, hiyohiyo iwe ya mwisho.